Maua ya Wapambe Wakati wa Kipupwe

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya arusi nyingi hapa Gisenyi. Mvua za masika zimekwisha, maharage yamekwisha kuvunwa, na askari aliyepata likizo aweza kuwaalika wazee wake kutoka mbali bila hofu ya matope. Lakini ndiyo miezi ya kipupwe pia. Mji wetu uko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na jua likishatua nyuma ya milima ya ng'ambo ya Kivu, mpambe aliyevaa umushanana, bega moja wazi, huanza kujikunyata. Vumbi nalo ni jingi. Basi msichana anayetafuta mfano wa arusi ya wakati wa baridi hufungua majarida ya Ulaya, na humo huona nguo za rangi ya fedha na mashada ya zambarau iliyokoza.

Hivyo ndivyo alivyofanya binti wa kaka yangu, aliyekuwa akiolewa na afisa wa polisi. Aliniletea picha. Mimi, shangazi yake, ambaye kwa desturi yetu ndiye wa kumshauri bibi arusi, niliitazama nikasema ni nzuri. Kitambaa cha kijivu chenye kung'aa kikanunuliwa kwa wapambe sita, fundi akakikata. Maua ya zambarau yalikuwa bado kuagizwa siku tulipompelekea bibi yake aone.

Mama yule alikishika kitambaa, akakikunja, akakiweka magotini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, na maua yatakuwa ya rangi gani?" Alipojibiwa, hakukasirika. Alisema tu, "Mimi hizo nazivaa mwezi wa Aprili."

Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa zaidi, ila kwa walio mbali nitasema. Kila mwaka, tangu tarehe 7 hadi 13 Aprili, ni juma la kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kwa miaka mingi zambarau ndiyo iliyokuwa rangi ya maombolezo hayo. Baadaye kijivu, rangi ya majivu, kikachukua mahali pake. Rangi hizo hazikukatazwa arusini, na vijana wengi huzivaa bila kuwaza lolote. Lakini shada la maua ndilo pia tunaloliweka juu ya kaburi. Mjane aketiye safu ya mbele, akawaona wasichana sita wa rangi ya majivu wakimjia na maua ya zambarau mikononi, ataona kitu ambacho mpiga picha hakioni. Nami nilipaswa kuliona hilo kabla ya fundi kushika mkasi.

Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudishwi dukani, na fedha ile ilikuwa ya michango ya ndugu. Tulichoweza kubadilisha ni mtandio wa begani na maua. Tulinunua mitandio sita ya rangi ya waridi jepesi, ambayo hukatiza kifua na kukipa kijivu uhai. Kwa maua tukachagua yungiyungi jeupe, lile lenye umbo la faneli na ulimi wa manjano katikati, limeapo penye mitaro na chemchemi. Mashina matano kwa kila mpambe yalitosha, yaani thelathini kwa wote. Kama tungeshika waridi tungehitaji tisa kwa kila mmoja, yaani hamsini na manne, tena katika miezi ambayo kila mwenye arusi anayatafuta. Waridi zuri hulimwa nchini, huko Gishari wilayani Rwamagana, lakini hulimwa hasa kwa ajili ya soko la nje.

Sasa nieleze namna ya kulinganisha, kwa maana wengi hukosea palepale. Watu hudhani ua sharti lifanane na nguo. Sivyo. Ua la rangi ileile ya nguo hutoweka ndani ya nguo, na likitofautiana kidogo tu, mojawapo huonekana chafu. Weka ua jeupe kabisa mbele ya kitambaa cha rangi ya maziwa, utaona kitambaa kama hakikufuliwa. Afadhali ua lipauke kuliko nguo kwa hatua mbili, au likoze kuliko nguo kwa hatua mbili. Nguo za damu ya mzee hupendeza na maua ya rangi ya maziwa. Nazo huhitaji maua hayo zaidi ya nguo nyingine, kwani picha nyingi hapa hupigwa ufukoni au kando ya kuta za mawe meusi ya volkano, na rangi nzito humezwa huko. Nguo za kijani zitolewe majani mengi katika shada, kwa sababu nguo yenyewe imekwisha kuwa jani. Kwa nguo za samawati tafuta rangi ya chungwa au manjano, wala usitafute waridi la samawati: halimei shambani. Yale uyaonayo yametiwa rangi, na rangi ya kupuliziwa huweza kuchujuka kwenye mkono wenye jasho, ikaishia kwenye nguo.

Chukua kipande cha kitambaa uendapo kwa muuza maua, na utoke nacho nje saa kumi alasiri. Taa ya dukani hudanganya.

Ikiwa bwana arusi ameruhusiwa kuvaa sare ya sherehe, anza na sare, kwa maana yenyewe haibadilishwi kwa ajili ya mtu. Ua la kifuani liachwe kabisa. Penye nishani hapahitaji pambo jingine. Kumbuka pia kwamba mbele ya ofisa wa serikali bibi arusi hushika bendera ya taifa kwa mkono mmoja na kuinua mwingine akila kiapo. Shada lake hupokewa na mpambe, ambaye kwa dakika hizo atakuwa na mawili. Yakifanana hayatajulikana lipi ni la nani, na nimeshuhudia bibi arusi akitoka na la mpambe.

Maua yakatwe jioni ya kuamkia arusi, au alfajiri, yasimamishwe ndani ya ndoo ya maji mahali pa baridi, shina likatwe mshazari na majani ya chini yaondolewe. Bogenvilia ya kwenye nyua za ziwani isikushawishi. Ikikatwa hunyauka upesi. Maua ya pareto kutoka mashamba ya juu, meupe yenye kiini cha manjano, yanavutia mno, lakini huwawasha baadhi ya watu, na mpambe anayejikuna mbele ya kasisi si jambo la kutamani. Chavua ya yungiyungi ikidondokea nguo usiisugue kwa maji. Iache ikauke, kisha iinue kwa utepe wa gundi.

Yungiyungi letu halikununuliwa. Lilimea kando ya mtaro chini ya migomba ya bibi yule, na asubuhi ya arusi alikataa kusaidiwa. Alishuka mwenyewe na kisu, umande ungali majanini, akahesabu thelathini. Kisha akarudi kukata moja zaidi, akalichomeka kwenye umushanana wake.