Wanahesabu kondensata moja moja, asili ya madini hawaulizi



Kuna mashindano ambayo vijana wengi wa hapa kwetu wanayafuata kwenye telefone usiku: Nvidia na AMD, nani atatoa kadi ya grafiki yenye nguvu zaidi. Kadi ya grafiki ni ile sehemu ya ordinatere inayochora picha za michezo na video, na siku hizi ndiyo inayopiga hesabu za akili bandia. Mbele kadi moja itoke, miezi mizima watu wanabishana: itakuwa na memori ngapi, itakula umeme kiasi gani, bei itapanda wapi, na yule mwingine atajibu namna gani. Hata hapa, ambapo kadi hizo hatuzioni dukani, tuko na watu wa timu ya kijani na watu wa timu nyekundu, na wanaweza kugombana mpaka chai ipoe.

Hatuoni ubaya. Kijana anayetengeneza video za harusi na laptop nzee, anayengoja usiku mzima dakika kumi za video ziishe, anajua thamani ya kadi nzuri kuliko tajiri anayeinunua kwa kujionyesha. Tunataka tu muangalie tarehe pamoja nasi.

Tarehe 6 Januari 2025, Jensen Huang, mkubwa wa Nvidia, alisimama Las Vegas akatangaza GeForce RTX 5090: memori ya gigabaiti 32, umeme wati 575, bei dola 1.999. (Wati 575! Mwenye pano moja ya wati 100 juu ya nyumba ajipigie hesabu, na jua liwe kali.) Kadi ikaingia sokoni tarehe 30 Januari. Huko Marekani watu walilala siku kadhaa katika hema mbele ya maduka ya Micro Center ili wasikose. Siku tatu kabla, tarehe 27, M23 ilikuwa imeingia Goma. Watu wetu nao walikuwa na hema, lakini si za kungojea kadi.

Katikati ya Februari Bukavu nayo ikaanguka. Siku zilezile, wanunuzi wa RTX 5090 wakagundua kwamba kadi zingine ziko na upungufu: kati ya vitengo 176 vinavyomalizia picha, 8 havipo. Walipima kwa programu, wakalinganisha, wakapiga kelele. Nvidia ikakubali, ikasema ni chini ya asilimia 0,5 ya kadi, na mwenye kadi hiyo atabadilishiwa. Vitengo nane, na moja ya kampuni tajiri zaidi duniani ikajibu.

Si mara moja tu. Mwaka 2022 Nvidia ilitangaza RTX 4080 mbili, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya 12, na watu wakaona kwamba ile ya 12 si kadi ileile yenye memori ndogo, ni kadi dhaifu iliyopewa jina kubwa. Wakalalamika, na tarehe 14 Oktoba kampuni ikaiondoa mbele hata haijauzwa. Na AMD, ilipotoa RX 9070 XT mnamo Machi 2025 kwa dola 599, ilikuwa inajua vizuri kwamba umati huu unahesabu kila dola.

Lakini Septemba 2020 ndiyo inatuuma zaidi. RTX 3080 ilianza kuuzwa tarehe 17. Michezo ikawa inakatika kwa mashine zingine, watu wakageuza kadi, wakaangalia mgongo wake, pale chini ya chipu, ni kondensata za namna gani zimewekwa. Neno likawa POSCAP. Hilo ni jina la kondensata za Panasonic za tantali. Tantali inatoka katika koltani. Kampuni moja inayounganisha kadi, EVGA, ikaeleza kwamba kadi yake yenye POSCAP sita haikupita majaribio, ikabadilisha mpango. Nvidia ikatoa programu mpya ya kuendesha kadi, matatizo yakapungua. Baadaye mafundi wengine walisema nyingi kati ya zile zilizoonekana katika picha hazikuwa hata za tantali. Haidhuru. Kwa siku nyingi vijana wa dunia nzima walikuwa wanaangalia kwa lensi kitu kidogo kama punje ya mchele, wakiuliza: hiki ni nini, nani amekiweka, kwa nini kiko hapa?

Tarehe 11 ya mwezi uleule, Kamituga, kwa jirani zetu wa Mwenga, mvua kubwa ilibomoa mashimo ya dhahabu. Watu zaidi ya 50 wakafa. Meno ya kadi ya grafiki, pale inapoingia katika ordinatere, yamepakwa dhahabu. Hatusemi dhahabu ya Kamituga iliingia katika kadi ile. Hakuna anayeweza kusema iliingia au haikuingia, na hapo ndipo tunalia.

Juu ya nini hakuna anayeweza? Koltani inatoa tantali. Kasiterite, kama ile ya Nyabibwe, inatoa bati la kulehemu. Wolframite inatoa tangisteni ya ndani ya chipu. Mzigo unatoka shimoni, unapita kwa manegosia, unafika kontware, unapanda ndege au lori, unafika kiwanda cha kuyeyusha mbali sana na hapa. Kule unachanganywa na mizigo ya inchi zingine. Ukishayeyuka, tantali ni tantali. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa 2024 kwamba koltani ya Rubaya, ambayo M23 iliikamata Aprili mwaka huo, inavushwa mpaka Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Na hata mifuko yenye lebo isitulaze: mwaka 2022 Global Witness ilionyesha kwamba mpango wa lebo wa ITSCI ulitumika kusafisha madini ya mashimo yasiyoruhusiwa.

Karatasi ziko. Tangu sheria ya Marekani ya 2010, Nvidia, AMD na wenzao wanapeleka kila mwaka, mwisho wa Mei, ripoti juu ya bati, tantali, tangisteni na dhahabu, pamoja na majina ya viwanda vya kuyeyusha. Mtu yeyote anaweza kuzifungua. Sasa angalieni video za kulinganisha kadi: joto, kelele ya feni, picha ngapi kwa sekunde, bei. Mstari juu ya viwanda vya kuyeyusha? Hakuna.

Kuna wenzetu wanasemaka: basi wazungu waache kununua. Hapana. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na kisha wanunuzi wengi wakakimbia sheria ile ya Marekani. Aliyelala njaa ni mchimbaji na mama anayemuuzia foufou. Wenye silaha walitafuta njia nyingine. Tunachotaka ni mnunuzi abaki, aulize maswali, na aulize kwa ukali uleule anaotumia kwa vitengo nane.

Na sisi hapa? Kijana wa Baraka anajua kwa kichwa kwamba RTX 5090 inakula wati 575. Muulizeni ni gramu ngapi za dhahabu zinatoka Misisi kwa juma moja. Hajui, na si kosa lake, maana hesabu hiyo haibandikwi mahali anapoweza kuisoma. Kodi ya mine ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevance iende moja kwa moja kwa muji au sekta ambamo madini yanachimbwa. Lakini hiyo ni ya makampuni. Dhahabu ya wachimbaji wa mikono inaweza kutembea mfukoni, ikashuka ziwani, ikavuka. Ndiyo maana tunaomba ofisi za sekta, kuanzia Ngandja, zibandike kila mwezi takse zilizokusanywa kwenye mashimo na mahali pesa hiyo ilipokwenda. Karatasi moja na gundi, haiombi bajeti.

Kwa wale wanaosubiri kadi zinazokuja, kijani au nyekundu, tuko na kazi moja ya pamoja. Siku watakapotangaza, tuandike chini ya video zao, kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, swali moja lilelile: tantali hii imeyeyushwa katika kiwanda gani, na kiwanda hicho kilinunua kwa nani? Mwenye kutaka kusaidia kutafsiri ripoti za Mei aje atuone, megabaiti tutachangiana.