Kabla ya Kujenga Nyumba ya Kupangisha

Kila mwaka baada ya mavuno utasikia watu wakisema: "Nataka kujenga vyumba pale njia panda, nipangishe." Vyumba havihitaji palizi. Haviugui kama ng'ombe. Mwezi ukiisha, fedha inakuja. Maneno hayo ni matamu. Lakini mimi naona wengi wanajenga kabla ya kupiga hesabu.

Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Tuseme nyumba ya vyumba vitano imekugharimu shilingi 12,000,000, pamoja na choo. Kila chumba unakipangisha kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Vyumba vitano ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,800,000. Kwa hesabu hiyo, fedha yako itarudi kabla ya miaka saba kwisha. Hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Wewe usiiweke.

Je, vyumba vyote vitakuwa na watu mwaka mzima? Tuseme kila chumba kimekaa kitupu miezi miwili. Umepoteza shilingi 300,000. Mpangaji mmoja amehama usiku na deni la miezi mitatu. Hizo ni 90,000. Upepo umeezua bati, choo kimejaa, kitasa kimevunjika. Matengenezo ni 250,000. Kuna nauli ya kufuata kodi, na kuna kodi ya serikali. (Lugha yetu ina neno moja, kodi, kwa fedha unayopokea na fedha unayotoa. Wenye nyumba wengi hukumbuka ile ya kwanza tu.) Tuseme hizo ni 160,000.

Jumlisha. Ni shilingi 800,000. Umebaki na 1,000,000 kwa mwaka. Sasa fedha yako itarudi baada ya miaka 12. Na kama ulikopa fedha ya kujengea, riba bado hatujaiandika.

Sisemi usijenge. Lakini mtu anayeuza shamba ili ajenge vyumba anakosea, kwa maoni yangu. Shamba linalisha watoto mwaka huu. Vyumba vitawalisha baadaye, kama wapangaji watapatikana. Jenga kwa fedha ya ziada. Anza na vyumba viwili.

Uliza pia wapangaji ni akina nani. Penye kambi ya wajenzi wa barabara, vyumba hujaa upesi na bei hupanda. Kazi ikiisha, wajenzi huondoka na magodoro yao. Walimu na wauguzi hukaa zaidi.

Jambo kubwa kuliko yote ni kiwanja. Wapangaji hupenda kukaa karibu na lami, na huko ndiko kwenye hatari. Hapa Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara, kwa barabara kuu na za mkoa. Sehemu nyingine hifadhi ni pana zaidi ya hapo. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, kwa sababu zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi. Mwenye nyumba ya kupangisha akibomolewa, hupoteza nyumba na kodi siku moja. Kwa hiyo nenda ofisi ya TANROADS ukaulize kabla ya kununua hata tofali moja.

Kama ardhi ni ya kijiji, kumbuka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi yenye sahihi ya kiongozi mmoja haitoshi. Omba uone muhtasari wa mkutano. Usisomewe na anayekuuzia. Soma mwenyewe, polepole, mpaka mwisho.

Mpangaji akija, andikeni mkataba: jina lake, bei ya chumba, siku ya kulipa, na nani atatengeneza kitakachoharibika. Wekeni sahihi mbele ya shahidi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mara moja. Ukiipokea, tenga ya bati na choo kabla hujafika sokoni. Fedha hiyo ni ya miezi sita, na mpangaji hatakupa nyingine mpaka miezi hiyo iishe.