Amplifaya Zisiishie Stoo

Kuanzia Mwingi hadi Kibwezi, si ajabu kuingia sebuleni ukute amplifaya ya enzi za kaseti imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Imenyamaza. Kaseti zilishakatika, na muziki wa vijana uko kwenye simu na kipakatalishi. Desemba ikifika, mmoja wao huja kutoka Nairobi na wufa mpya, na ile ya zamani huhamishiwa stoo au kuuziwa wanunuzi wa vyuma kuukuu.

Ni hasara, tena ya bure. Mashine hizo zina transfoma nzito ya shaba na spika za boksi la mbao. Ndizo zilizopiga benga ya Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers kabla mwanamuziki huyo hajafariki mwaka 1987, na gitaa la besi lilisikika likitembea. Hazijaharibika, zimekosa tu njia ya kuzungumza na kompyuta. Teknolojia ya Bluetooth ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi mwaka 1994, na utaratibu wake wa kurusha muziki wa stereo ulipitishwa 2003. Mashine nyingi za sebuleni zilikuwa zimeshatoka kiwandani.

Njia yenyewe ni risiva ya Bluetooth, kidude cha kuenea kiganjani kinachotumia umeme wa volti 5 kama wa kuchajia simu. Waya wake mfupi wenye pini nyekundu na nyeupe huchomekwa nyuma ya amplifaya, kisha kompyuta huitafuta risiva hiyo kama inavyotafuta simu. Kompyuta ya mezani isiyo na Bluetooth huongezewa kipini cha USB. Mawimbi hufika takriban mita 10, pungufu kidogo yakikutana na ukuta wa matofali.

Kuna kosa moja linalowakatisha watu tamaa mapema. Pini huchomekwa kwenye tundu lililoandikwa PHONO, sauti inatoka imepasuka, na mashine inahukumiwa kuwa mbovu. Tundu hilo ni la santuri: hukuza mno mawimbi dhaifu ya sindano na kubadili uwiano wa besi. Muziki wa kompyuta uingie AUX, TAPE au CD.

Redio kaseti isiyo na tundu lolote ni kazi ya fundi. Huifungua ikiwa imechomolewa, akaunganisha waya za risiva kwenye kitasa cha sauti. Mwenye nyumba asijaribu mwenyewe, kwa kuwa kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Fundi huyo huyo ndiye wa kuulizwa pale sauti inapovuma kwenye nyumba za sola. Mara nyingi chanzo ni risiva na amplifaya kutumia betri moja, na kuipa risiva umeme wake uliotenganishwa na betri hiyo humaliza mvumo.

Wapo watakaosema wufa mpya ina Bluetooth tayari. Ni kweli, ingawa kwa filamu Bluetooth yake, kama ya baadhi ya risiva, huweza kuchelewesha sauti nyuma ya midomo ya waigizaji. Tena wufa nyingi za bei nafuu zina bodi moja inayobeba kila kitu. Ikiungua, wufa nzima hutupwa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Mafundi wa kuziokoa mashine hizi wanaweza kufundishwa karibu: Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zina uwezo wa kuifanya kazi hii kuwa somo la wanagenzi wa umeme: kusoma matundu, kusafisha vitasa vilivyojaa vumbi, kufunga risiva, kubadilisha kapasita. Vifaa ni mita, chuma cha solda na amplifaya chache kutoka stoo za wazazi wao. Wateja wako tayari Wote, Mutomo na Makindu, makanisani na majumbani, wakidhani dawa pekee ni kununua mpya.