Mfungo na Mfuko wa Mfanyakazi



Mwezi wa Ramadhani ni mwezi wa kujizuia. Lakini katika nyumba nyingi za wafanyakazi ndio mwezi ambao fedha za chakula hutumika nyingi kuliko miezi mingine. Mchana jiko halina moto, na mwezi ukiisha mfuko hauna kitu. Jambo hili twaliona kila mwaka kwa watu wa reli hapa Mombasa, na twadhani ni haki liandikwe katika karatasi yetu hii, maana deni la mfanyakazi ni jambo la chama, si siri ya nyumba yake tu.

Wengine watasema mambo ya dini yana wenyewe. Ni kweli, nasi hatuna neno juu ya dini. Sisi twasema juu ya sukari, nazi, unga na mafuta. Ndugu asiyefunga anakaa ukuta mmoja na ndugu anayefunga, ananunua duka lile lile, na bei ikipanda haimwulizi mtu dini yake.

Kwanza tutazame mfuko unatoboka wapi. Tundu la kwanza ni kuvunja jungu. Siku za mwisho za Shaabani watu hula kama wanaokiaga chakula, na fedha za juma la kwanza la mfungo huisha kabla mwezi haujaandama. Tundu la pili ni sinia ya futari. Mtu aliyeshinda na njaa akipita sokoni saa kumi na moja jioni, macho yake hununua kuliko tumbo lake: kaimati, sambusa, bajia, mbaazi, mhogo wa nazi, vyote siku moja, na nusu yake hulala. Tundu la tatu ni daftari la duka. Anayechukua sukari robo robo kwa deni haulizi bei, kwa kuwa anaona haya. Tundu la nne ni la siku hizi, nalo ni mkopo wa simu. Huo huja upesi, na kulipwa kwake ni upesi vile vile, hata mshahara ukiingia mwenyewe huona mabaki tu.

Sasa dawa yake. Waislamu huihesabu Ramadhani kwa makumi matatu: kumi la rehema, kumi la maghufira, na kumi la kuachwa huru na moto. Twashauri mfuko nao ugawanywe vivyo hivyo. Tuseme nyumba ya watu 6 imetenga shilingi 15,000 za chakula. Kwanza ziondolewe shilingi 3,000 za fitri na sikukuu, zifungwe mbali. Zinabaki 12,000, yaani 4,000 kwa kila kumi, na 400 kwa kila siku. Kumi la kwanza lisile fedha za kumi la pili. Na fitri isisahauliwe: ni pishi ya chakula cha kawaida kwa kila mtu wa nyumba, kama kilo 2 na nusu hivi, nayo yapasa kutolewa kabla ya sala ya Idi. Kwa watu 6 ni kilo 15. Asiyeziweka mapema atazitafuta usiku wa sikukuu, wakati kila mtu yuko dukani.

Katika futari, uji na tende, na chakula kimoja cha kushiba, vyatosha. Vya kukaangwa viwe vya siku moja moja. Mwenye zamu ya jioni achukue futari yake kutoka nyumbani, kwa kuwa kununua kazini siku 30 ni fedha nyingi. Tena tununue pamoja. Nyumba kumi zikichanga, gunia la sukari la kilo 50 kutoka Kongowea ni kilo 5 kwa kila nyumba, kwa bei ya jumla.

Hapa tutasema neno ambalo wanaume wengine hawatalipenda. Mke asiyejua mshahara wa mumewe hawezi kupanga chungu. Wako wenzetu wanaoficha karatasi ya mshahara, kisha huleta wageni watatu magharibi bila ya habari, na chakula kikipungua humlaumu mpishi. Fedha zihesabiwe na wote wawili, mezani, siku ile ile ya kupokea.

Lakini hesabu ya nyumbani peke yake haitoshi, maana kalenda inatujia na shida kubwa. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo mfungo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2024 ulianza karibu na tarehe 12 Machi. Mwaka 2028 utaanza mwishoni mwa Januari, mwaka 2029 katikati ya Januari, na mwaka 2030 utaanza mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kila mzazi anajua Januari ni nini katika Kenya: karo, sare, vitabu na viatu. Mambo haya mawili yakikutana juu ya mshahara mmoja, mtoto atarudishwa nyumbani, au nyumba italala na njaa.

Wenzetu wengine wanataka chama kiombe advansi kwa ajili ya mfungo. Sisi hatukubali. Advansi ni mshahara wa mwezi ujao ulioliwa leo. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara, na wako wanachama waliokwisha kufika mpaka huo kwa mikopo waliyo nayo. Afadhali uwekwe mfuko wa akiba wa hiari. Shilingi 500 kila mshahara, kwa mishahara 11, ni shilingi 5,500, zitolewe Shaabani. Asiyefunga azipokee Desemba kwa Krismasi yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala asitokee mwajiri akasema kwamba, kwa kuwa twafundishana kubana matumizi, basi mshahara watosha. Hautoshi. Mgomo wa Mombasa wa Januari 1947, uliowakusanya watu wa bandari na wa reli pamoja, ulikuwa juu ya ugumu wa maisha na udogo wa mshahara, wala waliogoma hawakuwa wapotevu. Tutaendelea kudai. Lakini mtu mwenye deni dukani na deni katika simu hawezi kusimama imara siku ya madai, kwa kuwa anaogopa kukosa hata siku moja ya kazi. Mfuko wenye akiba ni nguvu ya chama.

Twaomba jambo la akiba liwekwe katika mkutano ujao wa tawi. Kila mwanachama, afungaye na asiyefunga, aje na hesabu ya nyumba yake.