ACHENI KULIIMBIA KANISA, IMBENI NA KANISA



Leo nitawaudhi baadhi ya waimbaji. Mnisamehe mapema, lakini nitasema.

Jumapili iliyopita tuliimba "Way Maker". Unaujua. Sinach wa Nigeria aliutoa mwaka wa 2015, ukazunguka dunia, na kufikia 2020 Leeland na Michael W. Smith kule Marekani walikuwa wamesharekodi matoleo yao. Wimbo mzuri, sina neno nao. Lakini katikati ya kuabudu nilifungua macho. Jukwaani watu saba walikuwa wanaimba. Chini, kanisa lilikuwa kimya. Mama mmoja, mwombaji wetu tangu siku za hema, alijaribu kupanda na wimbo, sauti ikakatika, akaketi. Akabaki anatutazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

Nilipouliza timu ya sifa, nikajibiwa: "Mchungaji, hiyo ndiyo kii ya kwenye rekodi."

Sasa nisikilize. Rekodi iliwekwa kwenye kii ile kwa sababu ya koo la yule aliyeimba. Michael W. Smith hakujilazimisha kuimba kwa koo la Sinach. Wewe kwa nini unamlazimisha mama wa miaka sitini na baba aliyekesha kazini usiku kucha? Watu wa kawaida huanza kukwama wimbo ukipita D au E ya juu. Kibodi yako ina kitufe cha kushusha kii. Kibonyeze! Hakuna malaika atakayeondoka kanisani.

Mwendo nao ni vivyo hivyo. Wimbo wa mapigo 70 kwa dakika ukiukimbiza hadi 90, mtu hapati nafasi ya kuvuta pumzi. Ukiuburuta hadi 55, pumzi inamwishia katikati ya maneno. Halafu unashika maikrofoni unakemea, "Mbona kanisa limekufa leo?" Halijafa. Umelinyima hewa!

Na sauti ya spika? Wataalamu wa masikio wanasema desibeli 85 mtu anaweza kuzivumilia kwa saa 8, lakini zikifika 100 ni dakika 15 tu. Sisi tunaabudu dakika 40, na watoto wameketi mbele ya spika. Zaidi ya hapo, mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe wala ya jirani huacha kuimba. Paulo katika Waefeso 5:19 anatuagiza tusemezane kwa zaburi na tenzi. Tutasemezana vipi na besi inatetemesha mabati?

Najua utasema, "Mchungaji, unazima Roho." Hapana. Soma 1 Wakorintho 14. Mtume yule yule anayefundisha juu ya karama anasema ataimba kwa roho na kwa akili pia, na anauliza filimbi au kinubi kitatambulikanaje kama sauti zake hazipambanuki. Soma 1 Nyakati 15:22: Kenania alisimamia uimbaji kwa sababu alikuwa na ustadi. Ustadi haujawahi kuwa adui wa upako.

Utasema tena, "Vijana wanapenda hivyo." Vijana wanapenda kuimba, sio kutazama wenzao wakiimba.

Nami natubu mbele yenu. Mara ngapi nimesimama madhabahuni nikipiga kelele, "Pandisha! Pandisha!" Nilidhani napandisha utukufu, kumbe napandisha nusu toni, na kila nusu toni ilikuwa inamwacha mtu nyuma.

Kiongozi wa sifa, Jumapili hii fanya jaribio moja. Kiitikio kikifika, zima vyombo vyote, ondoa maikrofoni mdomoni, usikilize. Kanisa likiendelea kuimba, mtukuze Mungu. Wimbo ukifa pale pale, jua ulikuwa wako peke yako. Nenda mazoezini Alhamisi ukatafute kii ya yule mama.

Yeye hana jukwaa. Ana dakika zile chache tu za kumwimbia Mungu wake pamoja na watu wake, baada ya wiki nzima ya kuhangaika. Usimnyang'anye.

Baba, tufundishe kuwa watumishi na sio wasanii. Katika jina la Yesu.

Kama umewahi kunyamaza kanisani kwa sababu wimbo ulikushinda, andika AMINA. Kisha umtumie kiongozi wako wa sifa ujumbe huu, kwa upendo.

Mbarikiwe.