Sauti za Ugogo: Kuhifadhi Muziki wa Jadi kwa Teknolojia ya Kidijitali si Kazi ya Mashine Peke Yake

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita Tanganyika akiwa na mitambo ya kunasia sauti, na miongoni mwa jamii alizozirekodi walikuwemo Wagogo wa uwanda wa kati. Sauti hizo leo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo tangu mwaka 1978 ipo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mkusanyiko wake umekwishahamishiwa kwenye mfumo wa kidijitali. Swali linalostahili kuulizwa Dodoma, makao makuu ya nchi yaliyojengwa katikati ya ardhi hiyo hiyo ya Wagogo, ni nini kifanyike hapa ili mjukuu wa aliyeimba mwaka 1950 aweze kumsikia babu yake, amwelewe, na haki ya familia yake itambulike.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Kanda ya sumaku haidumu. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku hulegea, plastiki huchachuka na kutoa harufu ya siki, na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena kwa wingi. Mwaka 2019 UNESCO na Chama cha Kimataifa cha Nyaraka za Sauti walitoa tahadhari kwamba baada ya mwaka 2025 kazi ya kuhamisha kanda ingekuwa ngumu na ghali mno, si kwa sababu kanda zote zitakuwa zimeoza, bali kwa sababu mashine, vipuri na mafundi watakuwa wameadimika. Mwaka huo ndio uliotajwa kuwa ukomo. Kanda ambayo haijahamishwa hadi sasa inasubiri fundi ambaye huenda amekwishastaafu.

Kwa Tanzania, mzigo mkubwa upo katika urithi wa iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambao sasa uko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kwa miongo kadhaa baada ya Uhuru studio za redio hiyo ndizo zilizokuwa mahali pakuu pa kurekodia muziki nchini. Bendi za dansi zilipita hapo, na ngoma za mikoani nazo zilinaswa hapo. Mkusanyiko huo ni mali ya Taifa kwa maana halisi ya neno hilo.

Wenzetu wa ulimwengu wa Kiarabu walikutana na tatizo la namna hii mapema. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na vikundi kutoka nchi mbalimbali vikarekodiwa kwenye santuri. Miaka mingi baadaye, msomi aliyetaka kuzisikia zote alilazimika kwenda Paris, kwenye Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Zanzibar inalijua jambo hili vizuri. Taarabu ilipokea ala na mitindo kutoka Misri tangu enzi za Sultani Barghash, na Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, taarabu ilikuwa na bahati. Iliingia sokoni mapema, santuri zake zikanunuliwa na kutunzwa majumbani, na klabu zake zina kumbukumbu zake. Muziki wa Kigogo haukuwa bidhaa ya dukani. Ulikaa vijijini, katika mavuno, harusi, jando na unyago, na kilichonaswa kilinaswa zaidi na watu waliopita njia.

Mgogo aliyeufikisha mbali zaidi ni marehemu Dkt. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, na akarekodi nchini Uingereza albamu kadhaa, ikiwemo Chibite ya mwaka 1996. Alifariki dunia Desemba 2003. Kutokana na kazi yake tunapata pia somo la kiufundi ambalo wataalamu wa uhifadhi hawapaswi kulipuuza.

Ilimba, ala ya vijiti vya chuma vilivyofungwa juu ya kisanduku cha mbao, haitoi sauti safi kama piano, wala haikukusudiwa kufanya hivyo. Fundi wa Kigogo hutoboa vitundu kwenye kisanduku na kuvibandika utando wa buibui ili kila mlio uwe na mvumo juu yake. Ngazi yake ya sauti nayo haifuati vipimo vya piano. Hufuata sauti asilia zinazojitokeza ndani ya mlio mmoja, na ndizo hizo hizo waimbaji wa Kigogo wanazozitumia kupangilia kuitikiana kwao. Sasa, programu nyingi za kompyuta za kusafisha rekodi za zamani hufundishwa kutambua mvumo kuwa kelele na kuuondoa, na nyingine hurekebisha sauti ili zilingane na piano. Fundi asiyeujua muziki huu anaweza, kwa kubofya mara mbili, kuondoa kile ambacho mtengenezaji wa ala alikitafuta kwa makusudi. Ndiyo maana nakala mama haipaswi kuguswa kabisa. Usafishaji ufanyike kwenye nakala ya pili, na mbele ya mtu anayeijua ilimba kwa sikio.

Nakala mama hiyo inahitaji nafasi, ingawa si kubwa kiasi cha kutisha. Saa moja ya sauti katika kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa huchukua takribani gigabaiti 2, hivyo saa 1,000 ni terabaiti 2 hivi, ujazo unaoenea katika diski moja ya mkononi. Faili la MP3 la saa hiyo hiyo linaweza kuwa na megabaiti 60 tu, kwa sababu limetupa sehemu kubwa ya sauti. Linafaa kwa simu janja. Kwa kumbukumbu ya Taifa halifai. Gharama kubwa ipo kwingine: nakala zaidi ya moja katika majengo tofauti, umeme wa uhakika, kubadilisha diski kila baada ya miaka michache, na mishahara.

Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi, diski si upungufu wetu mkubwa. Upungufu ni maelezo. Rekodi iliyoandikwa “Ngoma ya Kigogo, wanawake” na tarehe haimsaidii mtu. Aliimba nani, kijiji gani, kwa shughuli gani, nani alianzisha na nani aliitikia, maneno yake yana maana gani? Majibu yako kwa wazee wa Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kongwa, na mengi yako katika Kigogo cha ndani ambacho vijana wengi wa mjini hawakisemi tena. Tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino, lililoasisiwa kwa juhudi za mtafiti Dkt. Kedmon Mapana, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), limeonesha kwamba wenye maarifa hayo wapo na wako tayari kujitokeza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wenye simu na orodha nzuri ya maswali wangeweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa gharama ndogo.

Lipo pia jambo gumu ambalo miradi mingi hulikwepa. Muheme, ngoma maarufu ya wanawake wa Kigogo, ina asili katika sherehe za wasichana, na katika baadhi ya familia sherehe hizo zilifungamana na ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini utafiti wa kitaifa wa 2015–16 bado uliiweka Dodoma miongoni mwa mikoa yenye viwango vya juu. Je, nyimbo hizo ziachwe zipotee? Hapana. Wimbo ni ushahidi wa historia, na muheme umekwishathibitisha kuwa unaweza kuishi jukwaani bila kisu. Lakini baadhi ya maneno yalikusudiwa masikio ya waliopitia mila hiyo pekee, na wanawake wenyewe ndio wanaopaswa kuamua yapi yafunguliwe kwa umma na yapi yabaki kwa idhini.

Kisheria msingi upo. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi kuwa zinastahili ulinzi. Lakini mtayarishaji wa muziki anaponyofoa sekunde nane za kiitikio cha Nzali na kuziweka kwenye wimbo wake, hakuna wa kumdai ikiwa hakuna rekodi inayosema kiitikio hicho ni cha nani. Maelezo yaleyale yanayomsaidia mtafiti ndiyo yatakayomsaidia mwanasheria.

Mfano wa kufuata upo jirani. Miaka michache iliyopita wataalamu wa maktaba ya Tracey, wakishirikiana na wadau wa muziki wa Kenya, walizirudisha kwa Wakipsigis rekodi za mwaka 1950, ukiwemo wimbo maarufu wa Chemirocha. Walikwenda vijijini na nakala mkononi, wakacheza sauti, wakauliza ni nani huyu, na wakawakuta baadhi ya waliorekodiwa wakiwa hai. Rekodi za Wagogo ni za mwaka huo huo. Aliyekuwa binti wa miaka 15 mbele ya kinasa sauti cha Tracey alitimiza miaka 90 mwaka 2025.