Kachekwa kwa kupiga piano polepole, kumbe ndiye aliyeupiga mwingi!

Wadau, wiki hii mitandao ya Bongo iligeuka ukumbi wa piano. Msanii mmoja wa kiume, mkali wa Bongo Fleva, alitupia klipu akipiga "Für Elise" ya Beethoven. Sekunde 20 tu, vidole vinakimbia kama bodaboda, komenti zikajaa moto. Siku mbili mbele, dada mmoja wa filamu naye akatupia wimbo huohuo. Wote wawili hawajasomea, ni watu wa kujifunza wenyewe nyumbani. Wa dada ulikuwa wa taratibu, mwanzo mpaka mwisho, katikati akajikwaa mara mbili na kuendelea. Akachambwa! Eti anajifanya Mzungu, eti kama mtoto wa chekechea. Usiku huohuo akaifuta.

Ukweli usemwe: kati ya hao wawili, aliyepiga muziki ni dada.

Beethoven aliandika wimbo ule mwaka 1810, ukaja kuchapishwa 1867, miaka 40 baada ya kifo chake. Elise alikuwa nani? Wasomi wanabishana mpaka leo, ubuyu huo haujawahi kuisha. Ila ulivyopangwa hakuna ubishi. Kuna ule mwanzo unaojulikana na kila mtu. Kinakuja kipande cha pili, mwanzo unarudi. Kinakuja cha tatu, kizito, mkono wa kushoto unagonga nota moja mfululizo, halafu mwanzo unarudi tena.

Kaka aliishia mwanzo. Na kwa spidi ile asingefika mbali, maana kipande cha pili kina nota zinazokwenda mara mbili ya zile za mwanzo. Ukianza kama bodaboda, pale unapiga mweleka. Ndiyo maana wanaojua huanza na sehemu ngumu, mkono mmoja mmoja, polepole. Wakishaiweza ndipo wanaamua mwanzo uende mwendo gani. Dada alionekana kabisa kapiga hesabu hiyo.

Halafu sauti. Mwanzo ule umeandikwa upigwe kwa sauti ya chini sana. Kaka aliugonga kama anayemgongea mlango mdeni wake! Jina lenyewe piano ni kifupi cha neno la Kitaliano, pianoforte, yaani laini na kwa nguvu. Ukipiga kwa nguvu tu, umetumia nusu ya chombo.

Na pale mwanzo uliporudi mara ya mwisho, baada ya kile kipande kizito, dada aliupiga laini zaidi. Nota ni zilezile, lakini mtu aliyetoka msibani hasalimii kama alivyosalimia kabla ya msiba. Hiyo ndiyo kazi ya mpigaji: nota anazikuta zimeandikwa, yeye anaamua zinasema nini.

Watakaosema burudani ni burudani wapo, na kaka hana kosa kujifurahisha. Wa kujiangalia ni wachambaji. Ile "Haleluya" ya Handel inaimbwa na kwaya kibao hapa nchini, na mazoezini kila sauti inafundishwa peke yake, mstari kwa mstari, mpaka ishike. Mbona huko hakuna anayesema Uzungu wala chekechea?

Kuna binti mahali fulani ana kinanda kidogo cha mtumba, anafanya mazoezi usiku sauti ameipunguza majirani wasilalamike. Kasoma zile komenti zote. Unadhani kesho atakifungua?

Dada airudishe ile video, na makosa yake mawili humohumo. Na kaka, mashabiki wanasubiri kipande cha pili, au ndiyo tuseme bodaboda imeisha mafuta?

Wewe mdau unasemaje? Nani aliupiga mwingi? Dondosha komenti hapo chini, ila matusi hapana.